Kuchagua Injini ya Zamani Inayowaka

Katika masomo mawili yaliyopita tulizungumza juu ya fremu na bodi ya hotirodi. Leo tumefika kwenye injini, nami nitakwenda polepole, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao. Wewe unayelifuata somo hili katika kitabu baada ya kulisikia, weka kalamu karibu, kwa kuwa ziko hesabu chache utakazotaka kuziandika.

Kwa wale wanaojiunga nasi leo: hotirodi ni motokaa ya zamani ya Kimarekani iliyovuliwa kila kisichokuwa cha lazima na kuongezwa nguvu ili ikimbie. Mchezo huu ulikua katika California ya Kusini miaka ya 1930. Vijana walichukua Ford kuukuu za bei rahisi, wakang'oa madigadi, wakaenda nazo kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc na El Mirage, mahali ambapo ardhi ni tambarare kama sakafu na hakuna cha kugonga. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana kuwa chama kimoja, Southern California Timing Association, na mwaka 1949 mashindano yao yalifika Bonneville, uwanda wa chumvi huko Utah. Gari zilikuwa za namna nyingi, lakini injini waliyoipenda kuliko zote ilikuwa moja, nayo ndiyo somo letu.

Tarehe 31 Machi 1932 kampuni ya Ford ilionyesha motokaa yenye injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Injini za silinda 8 zilikuwako kabla ya hapo, ila nyingi zilikuwa katika magari ya wenye mali. Henry Ford alitaka mkulima na karani nao waendeshe V8. Ili bei ishuke, mafundi wake walipata njia ya kusubu bloki nzima, pande zote mbili za silinda pamoja na nyumba ya krenki, kwa kipande kimoja cha chuma. Injini ya kwanza ilikuwa na ujazo wa inchi 221, yaani karibu lita 3.6, na nguvu za farasi 65. Ford iliendelea kuitengeneza Marekani mpaka mwaka 1953. Askari wa Afrika Mashariki waliopanda malori ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Pili huenda waliisikia sauti yake, maana malori yaliyotengenezwa na Ford huko Kanada yalitumia injini hiyo hiyo.

Wamarekani huiita flathedi, yaani kichwa bapa. Jina hili si la mapambo. Katika injini za siku hizi valvu ziko juu, ndani ya silinda hedi. Katika flathedi valvu zimesimama ndani ya bloki, ubavuni mwa silinda, na hedi ni kifuniko tu cha chuma au cha aluminiamu. Tena, moshi unaotoka kwenye silinda haupiti juu. Hupenya katikati ya bloki, ukizungukwa na vyumba vya maji, ndipo utokee ubavuni. Kila upande una silinda 4 lakini matundu ya moshi ni 3, kwa sababu silinda mbili za katikati hutoa moshi wao kwa njia moja. Fikiri basi joto linalokusanyika pale. Ndiyo maana flathedi zina sifa ya kuchemka, na ndiyo maana bloki zake hupata nyufa.

Sasa utaona kwa nini nimekueleza habari hizi kabla ya kukupeleka sokoni. Unaponunua flathedi, kwa kweli unanunua bloki. Pistoni, ringi, valvu, hedi, kabureta, pampu za maji, gasketi, vyote hivi vinatengenezwa mpaka leo, na ukiwa na fedha utaviagiza. Bloki za Ford zenyewe zilisubiwa zamani. Changa kabisa miongoni mwa zile za Marekani ina zaidi ya miaka 70. Mtu mwenye bloki nzima na vingine vyote vimeharibika ana mali. Mwenye hedi zinazong'aa, kabureta tatu na bloki yenye ufa, huyo ana mzigo wa chuma wenye uzito wa ratili mia tano na zaidi.

Tuseme umeweka akiba dola 2,000, na mtu anakuambia, "Ninayo flathedi, na inawaka." Neno hili "inawaka" yafaa ulipime. Wauzaji hulitumia kwa maana nyingi. Mmoja ana maana kwamba iliwaka siku ilipotolewa garini, na siku hiyo ilikuwa mwaka 1971. Wa pili ana maana kwamba marehemu baba yake alimwambia hivyo. Wa tatu anaweza kuiwasha mbele yako kwa dakika moja, injini ikiwa chini juu ya mbao, bila rejeta, bila tone la maji, akimiminia petroli kwa kopo. Hawa wote pengine si waongo. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuonyesha unachotaka kujua, yaani hali ya bloki ile inapokuwa na moto.

Injini kama hizi zinapatikana wapi? Yadi za magari mabovu, ambako vijana wa mwaka 1950 walizipata kwa dola chache, nyingi zimesafishwa zamani. Bora utafute mashambani. Flathedi hazikuwekwa katika motokaa peke yake. Ziliendesha malori ya nafaka, pampu za maji ya kumwagilia na mashine za mbao, na nyingine bado zimelala ghalani. Kuna pia magulio ya vipuri vya kale, kama lile la Hershey katika Pennsylvania kila mwaka mwezi wa Oktoba, au lile la Pomona huko California. Mahali pengine pazuri ni kwa watu waliotoa flathedi garini mwao ili waweke Chevrolet V8, mtindo ulioenea baada ya Chevrolet kuleta injini yake ndogo mwaka 1955. Watu hao hutoa injini iliyokuwa ikitembea, si kwa kuwa imekufa, bali kwa kuwa wamechoka nayo. Na ukikuta mjane anauza vitu vya mumewe, mlipe thamani yake. Kuna watu hujivunia kumpunja mtu asiyejua alicho nacho. Mimi sioni sifa katika jambo hilo.

Kabla ya kujadili bei, ijue ni injini ya mwaka gani, maana si zote zitaingia katika gari lako kwa urahisi. Hesabu bolti zinazoshika hedi moja. Ukipata 21, ni ya zamani, kati ya 1932 na 1938. Ukipata 24, ni ya 1938 au baada yake. Ukipata 17, hiyo ni ile ndogo ya nguvu za farasi 60, iliyotoka mwaka 1937 mpaka 1940. Ni nzuri kutazama, lakini kwa hotirodi ni dhaifu. Kama ziko 24, tazama mahali bomba la juu la maji linapotoka. Likitoka katikati ya hedi, injini ni ya kabla ya 1949. Likitoka mbele, ni ya 1949 mpaka 1953, na distribyuta yake utaiona imesimama wima mbele upande wa kulia, ilhali katika zile za kwanza distribyuta imelala chini mbele ya kamshafti. Tazama na nyuma pia. Katika injini za kabla ya 1949 nusu ya nyumba ya klachi imesubiwa pamoja na bloki. Katika zile za baadaye nyumba ya klachi hufungwa kwa bolti. Kwa bodi ya 1932 na sanduku la gia la zamani, ile ya kwanza huingia bila matata mengi, na ile ya pili huhitaji vipande vya kuunganishia.

Utasikia pia habari za Mercury. Kati ya 1949 na 1953 Mercury walikuwa na flathedi ya inchi 255, kwa sababu mwendo wa pistoni yake ni inchi 4 kamili, na wa Ford ni inchi 3 na robo tatu. Robo inchi hiyo ilitafutwa sana na wana hotirodi, na bado inatafutwa. Basi kila muuzaji ana krenki ya Mercury, kwa mdomo. Usilipe hata senti moja zaidi kwa ajili yake mpaka hedi imefunguliwa, krenki imezungushwa, na rula imeonyesha inchi 4. Hedi ikiwa wazi, tazama na uso wa pistoni. Namba kama 030 au 060 iliyopigwa pale ni sehemu za elfu za inchi ambazo silinda ilipanuliwa siku za nyuma. Kadiri ilivyopanuliwa ndivyo kuta za silinda zilivyobaki nyembamba, na nafasi ya fundi wako ilivyopungua.

Siku ya kwenda kuiona, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya maneno mengi, weka kiganja juu ya hedi. Ikiwa na joto, jua ameiamsha mapema. Huenda hana nia mbaya, lakini injini yenye shida huonyesha shida yake inapokuwa baridi, na wewe umenyimwa nafasi ya kuiona. Rudi siku nyingine kama unaweza.

Ikiwa baridi, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi haina neno. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia humo. Fungua kifuniko cha rejeta, kama ipo, utazame kama kuna utando wa oili juu ya maji, au tope la unga ambao watu hutia ili kuziba mahali panapovuja. Mtu hatii unga ule bila sababu. Tembea kando ya bloki, upande wa chini, ukatafute ufa mrefu au alama ya kuchomelewa. Wengi wetu tuliokulia nchi za joto hatulijui jambo hili: katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, mtu akiacha maji matupu ndani ya injini wakati wa baridi kali, maji huganda, yakavimba, yakapasua chuma. Injini iliyolala ghalani miaka 30 imepita baridi 30.

Ng'oa plagi zote 8, uzipange kwa utaratibu uliozitoa. Zungusha injini kwa mkono ili kuhakikisha haishiki mahali. Kisha pima mgandamizo wa kila silinda, plagi zote zikiwa nje, kabureta imefunguliwa kabisa, na betri iwe na nguvu. Angalia betri yenyewe, kwani Ford walitumia volti 6 mpaka 1955, na muuzaji anayetumia volti 12 ataizungusha stata kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa. Usishughulike sana na namba kubwa. Hizi ni injini za mgandamizo mdogo, na geji za watu hutofautiana. Tazama usawa. Silinda 7 zikisoma karibu sawa na moja iko chini sana, tia kijiko cha oili katika silinda ile, upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, yamkini valvu haifungi. Silinda mbili za jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya hedi imekufa katikati yao, au kuna ufa. Kumbuka kwamba viti vya valvu vimo ndani ya bloki, basi valvu mbovu katika flathedi si jambo la kubadili hedi.

Sasa iwashwe. Iwe nje, mahali penye hewa, kwa maana moshi wa injini huua mtu bila harufu ya kumwonya. Petroli iwe katika chombo kilichofungwa, mbali na cheche, na kizima moto kiwe karibu. Ukosi wa shati na kanga za shingoni vikae mbali na feni. Tena, isiwashwe bila maji. Kama haina rejeta, azima moja, au leta ya kwako. Ni taabu, ndiyo. Ni taabu ya asubuhi moja.

Usitosheke na dakika 2. Iache iendelee dakika 20 au 30 mpaka ipate joto lake lote. Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya injini inayowaka na injini iliyo hai. Ufa ambao chuma kikiwa baridi umefungana, joto hulifungua. Beringi ambazo oili nzito ya asubuhi ilizifunika huanza kusema oili inapokuwa nyepesi. Kwa hiyo soma geji ya presha ya oili mara mbili, mwanzoni na mwishoni. Mafundi wana kanuni yao, ratili 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya krenki kwa dakika. Presha ya mwanzo itakuwa nzuri karibu kila mara. Ya mwisho ndiyo ya kuandika.

Chungulia maji ya rejeta, lakini ondoa kifuniko kabla injini haijapata moto, usije ukaungua. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki humo. Yakiendelea bila kukoma, na yakizidi unapoongeza mwendo, moshi unaingia majini, na njia yake ni gasketi au ufa. Nenda nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa samawati ni oili. Mweusi ni petroli nyingi, na huo hurekebishwa kwa bisibisi. Moshi mweupe wa asubuhi ni mvuke tu. Mweupe usiokoma baada ya nusu saa, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoungua.

Halafu sikiliza. Mlio mwepesi wa pistoni unaopotea injini ikipata joto si wa kuogopesha. Mlio mzito wa chini, unaozidi ukiibebesha mwendo, ni wa beringi. Ili kujua silinda ipi, tenga plagi moja moja isipate moto, kwa kifaa chenye mpini usiopitisha umeme. Ukifika kwenye silinda ambayo mlio unapungua, konrodi yenye shida ni hiyo. Andika mpangilio wa kuwaka wa flathedi: 1, 5, 4, 8, 6, 3, 7, 2. Silinda 1 mpaka 4 ziko upande wa kulia, 5 mpaka 8 upande wa kushoto, ukihesabu kutoka mbele. Mara nyingi injini inayotetemeka na kukohoa ina nyaya mbili zilizobadilishana tu, na mwenye kujua hesabu hii hununua kwa bei ya injini mbovu.

Hata ikipita yote hayo, kuna ufa usioonekana kwa macho, hasa kati ya kiti cha valvu na silinda, na kuzunguka matundu ya bolti za hedi. Karakana za injini huutafuta kwa sumaku na unga wa chuma. Unga hujikusanya kwenye mstari wa ufa kama siafu. Patana na muuzaji uweke amana kidogo, bloki ikapimwe, ndipo umalizie. Nyufa ndogo za matundu ya bolti fundi hodari anaweza kuzishona kwa vipini vya chuma. Ufa ulioingia ndani ya silinda ni maneno mengine, na gharama yake huenda ikapita bei ya injini nzima. Akikataa kabisa isipimwe, toa bei ya bloki isiyojulikana, wala si ya injini inayowaka. Akikasirika, mwache akasirike.

Nami nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kama mbele yako kuna injini mbili, moja inawaka lakini muuzaji hataki uiendeshe mpaka ipate moto, na ya pili imeshika kwa kutu, haizunguki, ila bloki yake imepimwa na haina ufa, mimi ningechukua iliyoshika. Pistoni zilizoshika hulowekwa kwa mafuta siku nyingi, hugongwa kwa mbao, hutoka. Kama haina kuwaka, inao ukweli wake. Lakini ukiwa unataka kuendesha mwezi ujao, na huna fedha za karakana, chukua inayowaka iliyokaa nusu saa mbele yako bila kubadilika, hata kama inavuja oili na rangi yake imebambuka. Zote huvuja.

Mwisho, dai hati ya mauzo yenye jina la muuzaji, tarehe, na maelezo ya injini. Mlete rafiki mwenye kamba madhubuti na winchi, wala msiinyanyue kwa mikono.

Juma lijalo tutaanza sanduku la gia, na kwa nini lile la Ford la 1939 linatafutwa kuliko yale yaliyolitangulia. Kabla ya hapo, wale wenye flathedi karibu nao wahesabu bolti za hedi na kuandika mahali bomba la maji linapotoka, ili tuanze pamoja. Kwaherini.